Kabla ya Kuwafuata Baisani kwa Gari: Yellowstone, Custer au Theodore Roosevelt?

Wengi wanaopanga safari hii huuliza kwanza ni hifadhi ipi, kati ya hizi tatu za Marekani, ina baisani (nyati wa Amerika) wengi. Ni Yellowstone, ila kujua hivyo hakukufai sana ukifika saa sita mchana mwezi wa Julai, kundi lote limelala ng'ambo ya bonde na unaona madoa meusi tu. Anza na tarehe zako, kisha utafute barabara inayopita walipo wakati huo.

Yellowstone ilitengwa mwaka 1872, na ndipo mahali pekee Marekani ambapo baisani hawajawahi kutoweka tangu enzi za kale. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki kama dazeni mbili tu. Sasa ni maelfu. Weka alama kwenye mabonde mawili: Lamar, kaskazini-mashariki, na Hayden, kati ya Canyon Village na Fishing Bridge. Barabara ya Hayden hufungwa kwa magari ya kawaida kuanzia Novemba, na hufunguliwa tena mwanzoni mwa Mei. Ile ya Gardiner hadi Cooke City, inayopita Lamar, iko wazi mwaka mzima. Anayekwenda wakati wa theluji basi hana pa kuchagua, na akifika Cooke City itambidi ageuze, maana barabara ya mbele haisafishwi.

Mwishoni mwa Aprili na Mei huzaliwa ndama, wenye manyoya mekundu yanayoonekana kwa mbali. Kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti madume hugombania majike, yanagongana na kunguruma mchana kutwa, na foleni ya magari nayo haina mwisho. Mimi ningechagua Lamar, Mei, alfajiri, hata kama ni kwa kuvaa koti zito. Huko juu theluji huweza kuanguka hata Juni.

Ukiwa na siku moja tu, au watoto wasiovumilia safari ndefu, nenda Custer, Dakota Kusini. Barabara yake ya wanyama ina urefu wa kilomita 29 hivi, na ni nadra kuimaliza bila kukutana nao. Ila kundi hilo liko ndani ya uzio: kila mwisho wa Septemba waendesha farasi hulikusanya mbele ya maelfu ya watazamaji, na baadhi ya wanyama huuzwa. Ukitaka siku hiyo, tafuta chumba mapema sana. Kumbuka pia kwamba Custer ni mali ya jimbo, kwa hiyo kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa haikubaliwi getini. Hifadhi ya Taifa ya Wind Cave, inayopakana nayo upande wa kusini, haitozi kiingilio. Unalipia kutembezwa pangoni tu. Baisani wa kwanza wa hapo waliletwa mwaka 1913 kutoka bustani ya wanyama ya Bronx, New York.

Theodore Roosevelt, Dakota Kaskazini, inamfaa anayepita barabara kuu ya I-94, kwa sababu lango la kusini liko Medora, kando ya njia. Uliza kwanza kama barabara ya mzunguko inapitika yote, kwani kipande chake kiliwahi kufungwa kwa ajili ya maporomoko. Sehemu ya kaskazini iko mbali na hiyo, na saa yake iko mbele kwa saa moja. Usije ukafika ofisi imeshafungwa.

Aliyekulia jirani na mbogo hahitaji mahubiri marefu. Dume la baisani hufikia kilo 900 na hukimbia kilomita 55 kwa saa. Tofauti na Serengeti, huku unaruhusiwa kushuka garini na kutembea, kwa hiyo nidhamu ni juu yako: Yellowstone inataka mita 23 kutoka kwa baisani na 91 kutoka kwa dubu au mbwa mwitu. Mkia wa baisani ukisimama, rudi nyuma, picha utapiga siku nyingine. Wakiziba barabara, subiri bila kupiga honi, na ukitaka kutazama egesha pembeni kabisa.

Jaza tangi kabla ya kuingia, na upakue ramani kwenye simu ukiwa bado mjini, maana mtandao hukatika kwa masafa marefu. Dawa ya kumpulizia dubu akikushambulia hairuhusiwi ndani ya ndege, kwa hiyo inunue au uikodi ukishafika.