Nani anaishonea viraka seva yako ya barua pepe, na mpaka lini?

Muulize fundi yeyote barua pepe za ofisi zinaendeshwa na nini, atakutajia jina: Postfix, Zimbra, Exchange. Mbane kidogo, atakupa na namba ya toleo. Swali linalowakwamisha wengi ni jingine. Tundu la usalama likitangazwa usiku wa leo, nani atakutengenezea kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, na ameahidi kuendelea kufanya hivyo mpaka tarehe gani? Mimi namba ya toleo naiandika, lakini jibu la swali hilo ndilo ninalolilinda.

Natunza seva za wateja wachache hapa Tanga: wakala wa forodha, shule ya bweni, SACCOS moja na ofisi ndogo ndogo. Hakuna kati yao mwenye bajeti ya programu kubwa ya kusimamia mali za TEHAMA, na kwa kazi hii haihitajiki. Faili moja la Excel linatosha. Kila mstari ni programu moja kwenye mashine moja, na safu zangu ni hizi: mashine, programu, toleo, ilikotoka, mwisho wa viraka, tarehe ya kuongea, mwenye uamuzi. Hizo mbili za mwisho nitazieleza mbele.

Iulize mashine yenyewe

Usijaze faili kwa kumbukumbu, wala kwa karatasi aliyoiacha fundi aliyetangulia. Ingia kwenye seva uandike inachokujibu. Kwa Postfix inayopokea na kutuma barua, na Dovecot inayowafungulia watumiaji masanduku yao:

postconf mail_version
dovecot --version

Kwa Exim, inayofanya kazi kama ya Postfix, ni `exim -bV`. Kwa Zimbra, jigeuze kwanza kuwa mtumiaji anayeitwa zimbra, kisha `zmcontrol -v`. Kwa Exchange, amri ambayo wengi wanaijua ni `Get-ExchangeServer` pamoja na AdminDisplayVersion, ila hiyo itakuonyesha sasisho kubwa tu. Kiraka cha usalama kilichowekwa juu yake hakionekani hapo. Pakua skripti ya Microsoft inayoitwa HealthChecker, iendeshe, usome ripoti yake. Itakutajia na vingine ambavyo hukuuliza, na vingi vitakuwa vya kweli.

Usiishie hapo. Barua pepe haiendeshwi na programu moja. Chini ya Postfix kuna mfumo endeshi. Pembeni kuna Rspamd au SpamAssassin ya kuchuja barua taka, na ClamAV ya virusi. Juu kuna Roundcube ambayo watumiaji wanaifungua kwenye kivinjari, nayo inakaa juu ya lugha ya programu ya PHP. Kila kimoja kina mstari wake, kwa sababu kila kimoja kinazeeka kwa kalenda yake.

ClamAV ni mfano mzuri wa jinsi uzee unavyojificha. Tawi la 0.103 lilifikia mwisho wa huduma Septemba 2024, na utaratibu wa watengenezaji wake ni kwamba matoleo yaliyopitwa na wakati huzuiwa kupakua orodha mpya za virusi. Programu itakuwa imewaka, barua zitapita zikikaguliwa, logi ya Postfix itakuwa safi. Inachokosa ni habari za virusi vya leo. Ukitazama logi ya freshclam, kipakuzi cha orodha hizo, ndipo utakapoona.

Safu ya "ilikotoka"

Hii ndiyo safu ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo ambayo sijawahi kuikuta kwenye faili la mtu mwingine.

Postfix iliyokuja na Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, inashonewa viraka na timu ya usalama ya Debian. Postfix hiyohiyo, toleo lilelile, ikiwa uliijenga mwenyewe kutoka kwenye chanzo, haishonewi na mtu yeyote ila wewe. Kwa hiyo kwenye safu hii naandika mojawapo ya majibu matatu: imetoka kwa mfumo endeshi, imetoka kwenye hazina ya mtengenezaji, au imewekwa kwa mkono. Amri ya `apt-cache policy postfix` itakuambia. Ikijibu `Installed: (none)` wakati programu ipo na inafanya kazi, basi imewekwa kwa mkono.

Roundcube ndiyo inayokamatwa zaidi hapa. Mtu hupakua faili lililobanwa, akalifungua chini ya `/var/www`, ikafanya kazi siku ileile, akaondoka. Juni 2025 ulitangazwa udhaifu wa CVE-2025-49113 (CVE ni namba ya kutambulisha tundu la usalama), uliokuwa umekaa ndani ya Roundcube kwa zaidi ya miaka kumi. Tiba yake ilikuja kwenye 1.6.11 na 1.5.10. Anayeutumia anahitaji kwanza kuingia kama mtumiaji halali, lakini nywila moja ya mfanyakazi ikishaibiwa, sharti hilo limetimia. Aliyeweka Roundcube kwa mkono angeweza kupiga `apt upgrade` kila asubuhi na asiguse tundu hilo hata kidogo.

Namba ndogo si lazima iwe mbovu

Hapa ndipo wakaguzi na mafundi hugombana. Desemba 2023 ilitangazwa mbinu ya kupenyeza barua ya kughushi kwa kuchezea alama za mwisho wa ujumbe katika SMTP, kanuni ambazo seva hufuata kutumiana barua. Kwa upande wa Postfix ina namba CVE-2023-51764. Watengenezaji wa Postfix walitoa matoleo yenye tiba: 3.8.4, 3.7.9, 3.6.13 na 3.5.23. Sasa njoo kwenye Ubuntu 22.04. Yenyewe inakuambia ni Postfix 3.6.4. Mkaguzi akilinganisha namba na namba atakuandikia kosa.

Lakini Ubuntu hawapandishi toleo katikati ya safari. Wanachukua kiraka peke yake na kukishona kwenye 3.6.4 ileile, kisha wanabadilisha tarakimu zilizo nyuma ya kistari kwenye jina la kifurushi. Kwa hiyo usibishane; mwonyeshe kumbukumbu ya mabadiliko:

apt changelog postfix | grep CVE

Kwenye familia ya Red Hat ni `rpm -q --changelog postfix | grep CVE`. Matokeo ya amri hiyo nayabandika kwenye barua ya majibu na mjadala unakwisha.

Kuna jambo lingine kwenye kisa hikihiki. Kiraka hicho kilipofika kwenye matoleo ya zamani, kilikuja kikiwa kimezimwa ili kisivunje mashine za watu. Ulitakiwa uwashe mwenyewe `smtpd_forbid_bare_newline`. Ni kuanzia Postfix 3.9 ndipo ulinzi huo unakuja umewashwa tayari. Maana yake, kifurushi kinaweza kuwa kimesasishwa na tundu likabaki wazi. Soma tangazo lote la usalama mpaka chini. Maneno ya aina hiyo hukaa mwishoni.

Tarehe ya mwisho

Kila mradi una desturi yake. Postfix hutunza matawi manne: la sasa na matatu yaliyolitangulia. Exim wao hutunza toleo la mwisho tu. Lakini kama safu ya "ilikotoka" inasema mfumo endeshi, tarehe inayokuhusu ni ya mfumo endeshi, si ya mradi. Debian 12 ilitoka Juni 2023. Ina miaka mitatu ya huduma kamili na nyongeza ya LTS (huduma ya muda mrefu) inayoifikisha Juni 2028. Ubuntu za LTS zina miaka mitano ya kawaida, ndiyo maana 20.04 iliishia Mei 2025, na baada ya hapo viraka hupatikana kwa kujisajili Ubuntu Pro.

Tarehe mbili zikigongana kwenye mashine moja, chukua ile ya karibu. Zimbra 8.8.15 ilimaliza huduma 31 Desemba 2023. Nyingi zilikuwa juu ya CentOS 7, ambayo nayo ilifungwa 30 Juni 2024. Mashine ya namna hiyo haina mshonaji juu wala chini.

Exchange inastahili maneno zaidi kwa sababu inagusa pesa. Exchange 2016 na 2019 zilimaliza huduma siku moja, 14 Oktoba 2025. Inayofuata ni Exchange Server SE, iliyotoka Julai 2025 na inayolipiwa kwa mkataba. Msimbo wake wa kwanza ni uleule wa Exchange 2019 CU15 (CU ni sasisho kubwa), kwa hiyo aliye kwenye 2019 CU14 au CU15 anapanda palepale kama anavyoweka sasisho la kawaida. Aliye kwenye 2016 ana kazi ya kweli: anajenga seva mpya na kuhamisha masanduku ya watu.

Ndipo inapokuja "tarehe ya kuongea". Wateja wangu wengi mwaka wao wa fedha unaanza Julai, kama wa serikali. Kitu kinachokufa Oktoba kinahitaji kuwa kwenye bajeti inayoandaliwa mwanzoni mwa mwaka, la sivyo utaambiwa subiri mwaka ujao. Kwa hiyo narudi nyuma miezi tisa hadi kumi kutoka tarehe ya mwisho na kuandika siku ya kwenda kuzungumza. Ukifika kwa mhasibu, swali la kwanza utalijua tu: "Si barua zinaingia na kutoka?" Jibu kwamba ndiyo, zinaingia na kutoka, kisha mwonyeshe tarehe na umwambie kuanzia siku hiyo tundu jipya likitokea hakuna wa kuliziba hata tukimlipa fundi. Usimtajie namba za CVE. Hazimsaidii.

Habari zikufikie

Jiandikishe kupokea matangazo ya usalama ya Debian au Ubuntu, na ya Postfix, Exim au Dovecot kulingana na ulichonacho. Yapeleke kwenye anwani isiyokaa kwenye seva unayoitunza. Seva ikilala, tangazo linalokuambia kwa nini imelala litalala nayo.

Microsoft hutoa viraka Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani yao ya magharibi. Kwetu huwa saa mbili usiku au saa tatu usiku, kutegemea msimu wao. Mimi husoma Jumatano asubuhi, na kwa Exchange iliyo wazi kwenye intaneti siendi mwisho wa wiki nikiwa sijaamua.

Tovuti ya endoflife.date inakusanya tarehe za bidhaa nyingi mahali pamoja, na skripti inaweza kuzisoma. Naitumia kunikumbusha, lakini tarehe ninayoiandika kwenye faili nainakili kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe. Na kama ulizoea Let's Encrypt, wanaotoa bure vyeti vya usalama vya seva, kukuandikia cheti kinapokaribia kuisha, waliacha kutuma barua hizo 4 Juni 2025. Cheti nacho kipe mstari wake.

Siku ya kupandisha

Kwa kiraka cha kawaida: nakala rudufu, sasisha, kisha `needrestart -r l` kuona ni huduma zipi bado zinatumia maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu. Tuma barua nje, pokea moja, angalia foleni kwa `mailq`.

Kupandisha mfumo endeshi ni habari nyingine. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, inakuja na Dovecot 2.4, na faili la mipangilio la 2.3 halikubaliki humo. Linatakiwa kuanza na `dovecot_config_version`, mipangilio mingi imebadilishwa majina, na unakilishaji wa seva mbili kwa dsync uliokuwepo 2.3 umeondolewa. Kabla ya kugusa chochote, hifadhi matokeo ya `doveconf -n`, jenga mashine ya majaribio, andika mipangilio upya humo mpaka simu yako isome barua. Mtego wa aina hii nauandika kwenye mstari wa mfumo endeshi mapema, ili siku ikifika nisidhani ni kazi ya jioni moja.

Na pale tarehe imepita na pesa haijapatikana? Punguza mlango. Ondoa kurasa za wavuti za Exchange au Zimbra kwenye intaneti, watumiaji wapite VPN. Weka Postfix mpya mbele ipokee barua kutoka nje, ile ya zamani isizungumze na dunia moja kwa moja. Kisha mwandikie barua rasmi mwenye uamuzi, ukitaja mashine, tarehe ya mwisho na gharama ya kuhama, naye asaini kwamba ameamua kusubiri. Jina lake na tarehe aliyosaini vinaingia safu ya mwisho, na tarehe mpya ya kuongea inawekwa miezi mitatu mbele.