Kukosoa na kukosolewa: picha za ndege wa Ziwa Victoria na picha za kuunganisha

Picha ya furukombe anayenyanyua sato mbele ya Jiwe la Bismarck, lile jiwe maarufu la Mwanza, ikiingia kwenye kundi la wapiga picha, hupokewa kwa "kali sana", "hongera" na vidole gumba. Aliyeipiga anafurahi, lakini hajaambiwa kwamba weupe wa kichwa umeungua, yaani umeng'aa mno hadi manyoya hayaonekani, wala kwamba ziwa limelalia upande mmoja. Akitokea mwingine akaandika "bado sana", huyo naye hajasaidia. Maoni yanayofaa hutaja mambo matatu: ni mahali gani kwenye picha, nini kimesababisha, na kifanyike nini. Likikosekana la pili, la tatu huwa ni kubahatisha, na hapo ndipo wakosoaji wengi wanapokwama.

Andaa picha ya kukosolewa

Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, picha hubanwa na manyoya madogo hupotea. Watu wataishia kukosoa mbano badala ya kazi yako. Itume kama dokumenti: upande mrefu pikseli 2048, JPEG ya ubora wa 85 hadi 90, rangi za sRGB, zile za kawaida za skrini. Ongeza kipande cha kichwa cha ndege kilichokatwa kwa ukubwa wa asilimia 100, maana jicho haliwezi kupimwa kwenye picha iliyopunguzwa. Chini yake andika urefu wa lenzi, kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga), apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga, huandikwa f/5.6, f/8), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), saa ya kupiga, umbali wa kukadiria, na kama fremu umeikata sana au kidogo. Kwa picha ya kuunganisha, yaani iliyotengenezwa kwa picha mbili au zaidi kwenye kompyuta, weka pia zile picha za mwanzo kabla hazijaguswa, na useme kila moja ilipigwa wapi na saa ngapi.

Kisha uliza swali moja mahususi. "Mnaionaje?" huzaa "nzuri". "Je, mwanga ulio kwenye ndege unaendana na ulio kwenye mawe?" humlazimisha mtu kutazama.

Mkosoaji naye ana wajibu wake. Picha haipimwi kwenye simu, juani, mtu akisubiri kivuko pale Kamanga. Kaa ndani, tumia skrini kubwa yenye mwangaza wa wastani, na uzime ile hali ya usiku inayoipa skrini umanjano.

"Haiko shapu": tafuta chanzo kwanza

Hii ndiyo kauli inayotolewa zaidi, na pekee yake haina faida. Kabla ya kuisema, zungusha macho kwenye picha nzima utafute ni kitu gani kiko shapu. Jibu lake ndilo linalokuonyesha chanzo.

Matete yaliyo mbele au nyuma ya ndege yakiwa shapu kuliko jicho lake, fokasi ilikosa. Kwa lenzi ya mm 500 kwenye f/5.6, kamera ya sensa kamili, ndege akiwa mita 10, kina cha fokasi, yaani eneo linaloonekana shapu kutoka mbele hadi nyuma, ni kama sentimita 13 tu. Yangeyange anayekutazama uso kwa uso haingii humo kuanzia mdomo hadi mkia. Mwambie mpigaji aweke pointi ya fokasi kwenye jicho na, mwanga ukiruhusu, afunge apecha hadi f/8.

Mawe yakiwa shapu huku ndege ana michirizi, kasi ya shata haikutosha. Ndege aliyetua hutosheka na 1/500 ya sekunde, furukombe anayeshuka majini anahitaji 1/2000 au zaidi, na mdiria mwenye madoa meusi na meupe anayepiga mbizi anataka 1/3200. Lakini huyu mdiria ana jambo lake: anapoelea hewani akivizia dagaa, mabawa hupiga kwa kasi huku kichwa kikitulia karibu kabisa. Kwa hiyo mabawa yenye ukungu na jicho shapu ni picha nzuri, isikosolewe. Jicho likiwa na ukungu ilhali shata ilikuwa 1/2500, usimwambie aongeze kasi; kilichokosa ni fokasi.

Kila kitu kikiwa na michirizi ya upande mmoja, kuanzia ndege hadi mlima wa nyuma, kamera ndiyo iliyotikisika. Hilo ni la kawaida kwa anayepiga akiwa ndani ya mtumbwi.

Chanzo cha nne husahaulika sana Mwanza: mvuke wa joto. Mawe yetu hupata moto mapema, na hewa juu yake huchezacheza. Dalili zake ni kingo zilizopindapinda bila michirizi, hakuna sehemu yoyote iliyo shapu kikamilifu, na picha kumi zilizopigwa kwa mfululizo kila moja ina ulaini wake. Hakuna mpangilio wa kamera unaoliondoa tatizo hili. Dawa ni kusogea karibu au kurudi asubuhi mapema. Kumwambia mtu wa namna hii anunue lenzi ghali zaidi ni kumpotezea fedha, kwa sababu lenzi ndefu hukuza na huo mvuke.

Mwanga na weupe

Furukombe ni mtihani: kichwa na kifua vyeupe, tumbo la kahawia iliyoiva, mabawa meusi. Ikiwa histogramu (grafu ya mwangaza wa picha) imegonga ukuta wa kulia na kichwa hakina alama za manyoya, uliza kwanza kama alipiga RAW, faili ghafi la kamera. Kama ndiyo, huenda kiasi fulani cha weupe kikarudi kwa kushusha mwangaza wa sehemu nyeupe. Kama ni JPEG pekee, weupe huo umekwenda, na maoni ya kweli ni ya safari ijayo: kwa ndege mweupe juu ya maji meusi, punguza mwangaza kwa theluthi mbili za stopu hadi stopu nzima (kupunguza stopu moja ni kubakiza nusu ya mwanga). Kwa mnandi mweusi dhidi ya anga jeupe, ongeza stopu moja au zaidi kidogo, la sivyo anabaki kivuli.

Saa pia ina uzito. Mwanza jua hutoka kati ya saa 12 na dakika 20 hivi na saa 1 asubuhi, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta linapanda kama limesimama wima. Kufikia saa 4 limefika takriban digrii 45 na macho ya ndege yanaanza kuingia kivulini. Picha yenye jicho jeusi lisilo na nukta ya mwanga mara nyingi ni kosa la saa, si la kuhariri.

Mambo mengine ni mepesi: tawi linalochomoza kichwani, bawa lililokatwa na ukingo, upeo uliolala. Yataje kwa sentensi moja uendelee. Angalia pia maelezo ya picha. Mdiria huyo wa madoa akiwa dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja, mara nyingi uliokatika katikati. Aliyeandika kinyume arekebishwe kwa upole. Na kama ni picha ya ndege kwenye kiota iliyopigwa karibu mno, au majani yameondolewa ili kiota kionekane, sema waziwazi hata kama picha inapendeza, na mshauri mpigaji asitaje mahali pake.

Picha za kuunganisha

Hapa anza kwa kuuliza nia. Anayetaka watu waamini kwamba tukio lingeweza kutokea anapimwa kwa fizikia. Aliyekusudia ndoto, mwari mkubwa kuliko kivuko, hapimwi kwa ukubwa. Anapimwa kwa usafi wa kazi na kama macho yanaelekea anapotaka yaelekee. Mabishano mengi hutokea kwa sababu mtu mmoja anapima ndoto kwa rula.

Kwa picha inayotaka kuaminiwa, mwanga ndio wa kwanza, na kosa la kawaida la mji wetu ni hili: Jiwe la Bismarck jioni, jua likizama nyuma yake, kisha furukombe aliyepigwa asubuhi kutoka ufukweni, jua likiwa mgongoni mwa mpigaji. Kifua cha ndege kinang'aa ilhali jua liko nyuma yake. Kumpaka ndege rangi ya machungwa hakusaidii, kwa sababu kilichokosewa ni upande wa mwanga. Ama atafute ndege aliyepigwa dhidi ya jua, ama amtie giza kifuani na kumwekea uzi mwembamba wa mwanga kwenye kingo za juu, ama abadilishe mandhari awe na picha ya asubuhi. La mwisho ndilo rahisi na matokeo yake hudumu.

Vivuli vya mchana navyo husema. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri liko kaskazini yetu kidogo, hivyo kivuli huangukia kusini; miezi mingine ni kinyume. Korongo wa Juni na jiwe la Desemba wakiwekwa pamoja, vivuli vitapishana.

Taswira majini ina mtego. Wengi humgeuza ndege kichwa chini na kumbandika. Maji hayafanyi hivyo: yanaonyesha ndege kama anavyoonekana kutoka chini, tumbo na upande wa chini wa mabawa. Taswira pia huwa chini ya uso wa maji kwa kadiri ileile ambayo ndege yuko juu yake, na mawimbi huirefusha. Kwa ndege aliye mbali na maji yenye mawimbi, shauri taswira ifutwe kabisa.

Mwezi mkubwa unapendwa mno. Mwezi mzima una upana wa nusu digrii tu angani. Kwa lenzi ya mm 500 kwenye sensa kamili hujaza kama moja ya tano ya kimo cha fremu iliyolala; kwa mm 24 ni nukta. Mandhari pana ya Capri Point yenye mwezi wa kujaza robo ya anga imeshajitaja kuwa ya kuunganisha. Hata mwezi mwandamo una lugha yake: huku kwetu jioni hulala chali, pembe juu. Ukisimama kama mabano, umetolewa kwenye picha ya nchi za mbali.

Angalia pia pembe ya kamera. Ndege tunayemwona mgongo kutoka juu hawezi kukaa kwenye mandhari iliyopigwa usawa wa maji. Na angalia makazi: heroe wengi wao ni wa maziwa ya magadi kama Natron, kwa hiyo kundi lao likitanda mbele ya mwalo wa Kirumba litamshtua kila anayewajua ndege.

Mwisho ni kingo na chembe, yaani vidoa vidogo vinavyoletwa na ISO kubwa. Uzi mweupe kuzunguka bawa umetoka kwenye anga la picha ya kwanza. Maski, yaani mpaka unaomkata ndege kutoka kwenye picha yake, isogezwe ndani pikseli 1 hadi 2 kisha ilainishwe kidogo. Ncha za mabawa zenye ukungu wa mwendo zibaki nusu wazi, zisikatwe kama kwa mkasi. Ndege wa ISO 3200 juu ya anga la ISO 100 ataonekana amebandikwa hadi chembe zilinganishwe. Ukitaka kufichua maski mbovu, weka juu ya kila kitu leya (tabaka) ya kurekebisha mwangaza yenye mkunjo mkali sana, unaozidisha tofauti za mwanga na giza: viraka vya anga vitajitokeza papo hapo.

Chini ya picha kuwe na maneno "picha ya kuunganisha". Yakikosekana, hilo ndilo oni la kwanza kutolewa.

Namna ya kusema

Mambo matatu yanatosha, kubwa likitangulia. Kila moja lipe alama: la ziwani (la kurekebishwa wakati wa kupiga), la kwenye kompyuta, au ladha yangu tu. Alama hiyo ya mwisho huokoa urafiki.

"Dada, ncha ya bawa la kushoto ina mstari mweupe uliotoka kwenye anga la kwanza. Sogeza maski ndani pikseli moja. Bawa la kulia umelifanya safi, fuata njia ileile." Sifa hapo ina kazi, kwa sababu inamwonyesha njia anayoijua tayari.

Kwa mkubwa wako, salamu kwanza, kisha swali: "Shikamoo mzee. Naomba kuuliza, wakati wa kupiga mawe haya jua lilikuwa upande gani?" Akijibu ataliona mwenyewe. Jambo zito, kama kiota kilichosumbuliwa, mtumie ujumbe wa faragha kabla ya kulisema mbele ya vijana.

Unapokosolewa

Jibu "asante, nimepokea", uandike yote, usieleze jinsi ilivyokuwa vigumu kuipata. Ugumu hauonekani kwenye fremu. Swali moja la kufafanuliwa linaruhusiwa: "Ni bawa lipi hasa?" Rudi kwenye picha kesho yake.

Watu wawili wakionyesha sehemu ileile lakini wakatoa dawa tofauti, amini sehemu, dawa zichunguze. Fanya kazi kwenye nakala, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na weka matoleo mawili sambamba kwa udogo na kwa asilimia 100. Toleo la pili lirudishe kwa waliokukosoa. Wengi hawaombwi tena na hawajui kama waliona sawa. Ladha unaweza kuiacha bila kuomba radhi.

Maoni yenye alama ya ziwani hayana dawa kwenye kompyuta. Yageuze kuwa mstari mfupi kwenye simu, utakaousoma asubuhi ya safari ijayo: "Mdiria: RAW, 1/3200, f/7.1, ISO ya kujipanga, fokasi ya kufuatilia, jua mgongoni, kuondoka kabla ya saa 4."