Jinsi ya kutenga virusi vya mwani Emiliania huxleyi

Chota maji ya bahari wakati mlipuko (ongezeko la ghafla) wa mwani huu wa seli moja unapoanza kufifia. Hapo ndipo virusi hujaa. Yapitishe kwenye chujio la mikromita 0.45. Epuka la 0.2: virusi hivi, EhV, vina upana wa takriban nanomita 180, hivyo vingi vitanasa humo na utadhani sampuli ni tupu.

Andaa chupa mbili za mwani unaokua kwa kasi, katika lishe ya f/2 (mchanganyiko wa virutubisho vya kukuzia mwani), nyuzijoto 15 hadi 18 za Selsiasi, penye mwanga. Mwani uliochakaa hutoa virusi vichache. Chupa ya kwanza itilie maji yaliyochujwa, sehemu 1 kwa 10 za mwani. Ya pili, maji hayohayo yaliyochemshwa kuua virusi, yakapozwa.

Baada ya siku chache, ya kwanza ikipauka na ya pili ikabaki na rangi, chuja tena na uambukize mwani mpya. Marudio haya ni ya lazima: kama kilichoua mwani ni sumu tu, hufifia kila inapozimuliwa, ilhali virusi huzaliana. Bakteria wadogo nao hupenya chujio, kwa hiyo kagua kwa hadubini.

Zikitokea baadaye seli zinazoogelea kwa mikia, zitunze. Ni zile zenye seti moja ya kromosomu, ambazo EhV haviziambukizi.