Namna ya Kuendesha Baiskeli Kisumu Pale Sheria Inapokuwa na Utata

Kabla ya kubishana na yeyote barabarani, jua kwanza neno la sheria linalokuhusu. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, hutofautisha chombo cha usafiri, yaani chochote kinachotumika barabarani kubeba watu au mizigo, na gari, yaani chombo kinachoendeshwa kwa mtambo. Baiskeli ya kukanyaga ni chombo, lakini si gari. Kwa hiyo huhitaji leseni ya udereva wala bima ya gari. Hata hivyo, penye taa nyekundu huna budi kusimama, na kushoto ndiko upande wako kama walivyo wengine wote.

Jioni moja pale Kondele, nikiwa nimefunga kreti ya maziwa kwenye keria, afisa mmoja alinisimamisha akidai helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Masharti hayo yaliingizwa katika sheria mwaka 2012 kwa waendeshaji wa pikipiki. Nadhani kilichotuchanganya ni jina bodaboda, ambalo lilianzia kwa baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia, na pikipiki zikalirithi baadaye. Nilimwuliza kwa utulivu, "Afande, kosa langu ni lipi, na liko katika kifungu gani?" Aliitazama baiskeli kwa muda, kisha akaniruhusu kupita. Uliza vivyo hivyo, bila kuinua sauti. Jaketi lenyewe livae hata kama hulazimishwi, kwa maana dereva wa matatu anayetoka Mamboleo giza likiingia hawezi kumkwepa mtu asiyemwona. Mbele weka taa nyeupe, nyuma nyekundu.

Utata mkubwa zaidi uko kwenye njia za waendao kwa miguu. Wengi huamini kwamba ukishuka kwenye lami umetoka katika mikono ya sheria ya trafiki. Sivyo. Tafsiri ya neno barabara katika Sheria hiyo hujumuisha hata njia ya miguu, mradi vyombo vinaweza kupita na umma unaitumia. Jambo hilo halikupi ruhusa ya kupita hapo kwa kasi. Maana yake ni kwamba ukimgonga mama aliyeketi kando na karai lake la omena, wajibu wako wa kuendesha kwa uangalifu umekufuata mpaka hapo. Isitoshe, Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti usimamizi wa trafiki na maegesho katika eneo lake, kwa hiyo kanuni za jiji zinaweza kukuzuia mahali ambapo sheria ya taifa imenyamaza. Tazama vibao, na penye msongamano shuka uikokote baiskeli.

Baiskeli ya umeme ni suala jingine. Kwa kuwa ina mtambo, inaweza kuhesabiwa kuwa gari, kwa hiyo muulize muuzaji kuhusu usajili kabla hujalipa.

Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, haki ya kunyamaza, na ya kufikishwa mahakamani, kwa kawaida ndani ya saa 24. Andika saa, mahali na maneno uliyoambiwa, na usitoe pesa yoyote bila risiti.