Kuonyesha mkondo wa chini wa ikweta kwa beseni na feni

Mwalimu mwenzangu, wengi wa wanafunzi wetu hapa Mbeya hawajaiona bahari, ila wanaotoka Kyela wameshaona upepo ukisukuma maji ya Ziwa Nyasa. Anza na hao. Waulize: upepo ukiyarundika maji upande mmoja kila siku, yanarudi kwa njia gani? Baharini kwenye ikweta, jibu ni mkondo wa chini: maji yanayorudi chini ya uso, kinyume cha upepo.

Hatua ya 1. Tafuta beseni refu la plastiki linaloonyesha ndani, Mwanjelwa utalipata. Tia maji kina cha sentimita 10 hivi, uyaache yatulie kabisa. Hapa usiwe na haraka.

Hatua ya 2. Weka feni upande mmoja, uuite mashariki. Ivume polepole juu ya uso wa maji, dakika chache.

Hatua ya 3. Kwa kibanio, dondosha chembe moja ya potasiamu pamanganeti katikati (mkononi inachafua vibaya). Itazama ikiacha uzi wa zambarau uliosimama wima. Wanafunzi wainame, macho yalingane na maji. Ncha ya juu ya uzi itafuata upepo kwenda magharibi, huku tumbo la uzi likifutuka kuelekea mashariki, kinyume cha feni. Mpe kila mmoja nafasi ya kuliona; somo lote limo humo.

Hatua ya 4. Nenda ubaoni. Pasifiki, pepo za mashariki huinua maji upande wa magharibi kwa takriban nusu mita. Mwinamo huo ndio unaosukuma maji ya chini yarudi mashariki, kwenye kina cha mita 100 hadi 200, yakipanda kadiri yanavyokwenda. Kasi hufika mita 1 kwa sekunde na zaidi. Mwaka 1952 mtaalamu wa bahari Townsend Cromwell na wenzake waliona zana za kuvulia jodari zikivutwa mashariki wakati maji ya juu yanakwenda magharibi.

Hatua ya 5. Beseni halizunguki, kwa hiyo jambo hili lichore. Mzunguko wa dunia hupindisha mwendo kulia kaskazini mwa ikweta, kushoto kusini mwake. Mkondo wa kwenda mashariki ukipotoka upande wowote, hurudishwa kwenye mstari wa ikweta. Ndiyo maana ni mwembamba na unasafiri maelfu ya kilomita. Katika Bahari ya Hindi pepo hugeuka, kaskazi na kusi, hivyo mkondo huu huja kwa msimu, hasa kaskazi ikielekea kwisha.

Hatua ya 6. Zima feni, maji yatulie, dondosha chembe nyingine. Uzi utabaki wima. Wakati wa El Niño ya 1982 (kipindi ambacho maji ya Pasifiki ya ikweta hupata joto kuliko kawaida), pepo zilipolegea, mkondo huu wa chini katika Pasifiki ya kati ulitoweka kwa muda.