SOMO: Umenunua fleti? Malizana na LUKU kabla hujahamisha godoro

Wakuu, salaam. Kila wiki nakuta ujumbe uleule: "Mkuu, nimenunua fleti, luku inanisumbua, nifanyeje?" Naandika mara moja, kwa urefu, na kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza hapa.

Somo hili ni la fleti za Dar zenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ya TANESCO, shirika la umeme la bara, hasa zile ambazo mita zote za jengo zimepangwa kwenye chumba kimoja chini, au mita iko juu ya nguzo na wewe ndani una rimoti, kile kifaa chenye vitufe cha kuingizia namba za umeme. Nawasihi mlifanye kabla hamjamalizia hela ya mwisho kwa muuzaji. Ukishamlipa yote, simu yako ya kumi hapokei.

Hatua ya 1. Andika namba ya mita, tarakimu 11, kutoka kwenye mita yenyewe. Si kutoka kwa dalali, wala kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Hatua ya 2. Nunua umeme kidogo, 10,000 inatosha, uisome meseji yote. Watu wanachukua tokeni (namba ya kuingiza kwenye mita) wanafuta meseji, kumbe historia ya mita imo humo. Kwenye tarifa (daraja la bei) ya T1, ya wateja wa kawaida, uniti moja ni sh 292 kabla ya makato. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1. Kwa hiyo 10,000 isiyo na deni inakupa uniti 28 na ushee. Ukipata pungufu ya hapo, angalia mstari wa deni: huenda umekatwa kodi ya jengo. Ukipata uniti chache mno, huenda kuna kitu kimelimbikizwa. Kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU tangu Agosti 2021, na fleti ikikaa miezi bila mtu kununua umeme, kodi haisimami. Inakungoja wewe.

Tunza meseji hiyo. Ndiyo ushahidi wako kwa muuzaji.

Hatua ya 3. Fika ofisi ya TANESCO ya eneo lako, uliza mita ina deni gani, liko kwa jina la nani, na tarifa ipi. Deni la muuzaji lilipwe na muuzaji, au likatwe kwenye bei kwa maandishi.

Hatua ya 4. Ingiza tokeni. Kama mita haijatumika tangu kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, utapewa makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza yanabadilisha ufunguo wa mita (namba ya siri ambayo mita hutumia kusoma tokeni), la tatu ndilo lenye uniti. Ingiza kwa mpangilio huohuo. Kama kuna tokeni ya zamani ambayo haijaingizwa, ianze yenyewe, maana ufunguo ukishabadilika tokeni ile haisomeki tena.

Hatua ya 5. Hakikisha mita hiyo ndiyo inayolisha fleti yako. Hapa tulieni, msome polepole.

Hatua hii niliiruka nilipohamia kwangu, na nikawa namnunulia jirani umeme bila yeye wala mimi kujua. Kibandiko kwenye mita kiliandikwa namba ya fleti yangu kwa rangi nzuri kabisa. Lakini aliyevuta nyaya wakati wa ujenzi alikuwa amezipishanisha, mita yangu inakwenda kwake, yake inakuja kwangu. Dalili zake ni hizi: uniti zinaisha umesafiri, au zinaisha ukategemea giza kumbe taa zako zinawaka na anayelalamika ni jirani. Kibandiko si ushahidi. Meseji ya LUKU si ushahidi. Ushahidi ni mzigo wa umeme.

Pima hivi. Zima swichi kubwa ya fleti yako, kisha mtu mwingine asimame mbele ya mita. Kile kitaa chekundu kinachopepesa lazima kiache kupepesa. Kikiendelea, mita hiyo inalisha mahali pengine. Kikiacha, usishangilie bado, huenda jirani naye hayupo na hatumii kitu. Washa swichi kubwa, uzime kila kitu isipokuwa jagi la umeme lililojaa maji. Usitumie pasi, kwa sababu ikipata moto inajikata yenyewe na hesabu inavurugika. Kwenye uso wa mita pameandikwa 1000 imp/kWh, au 1600, au namba nyingine: hayo ni mapepeso kwa kila uniti. Jagi la wati 2000 kwenye mita ya 1000 litapepesa kama mara 33 kwa dakika. Kwenye ya 1600, kama mara 53. Zima jagi, mapepeso yakome. Washa, yarudi. Rudia mpaka uridhike.

Mita ikiwa juu ya nguzo, tumia rimoti. Soma salio, tumia kifaa kikubwa ambacho hakijikati kwa muda unaoujua, soma tena. Jiko la koili la wati 1000 kwa saa moja lipunguze kama uniti moja.

Sasa maonyo, nayasema kwa uzito:

Usifungue mita. Usikate sili. Mita nyingi zinahisi kifuniko kikifunguliwa, zinajikata, na hazirudi mpaka TANESCO wenyewe wazirudishe. Hapo utakuwa unajieleza kuhusu kuchezea mita, ambalo ni kosa kisheria, wakati ulikuja na malalamiko halali.

Usimruhusu fundi wa mtaani apishanishe nyaya chumba cha mita, hata kama anajua kazi.

Na usikubaliane na jirani kwa mdomo kwamba "wewe nunua kwa namba yangu, mimi ninunue kwa yako". Nimeona watu wanaishi hivyo. Deni na kodi vinafuata namba ya mita, havifuati makubaliano yenu. Siku jirani akiuza, mnunuzi wake hajui lolote, na wewe huna karatasi. Nendeni ofisini wote wawili, toeni taarifa pamoja, chukueni namba ya taarifa, na mafundi wao wakija muwepo wote.

Hatua ya 6. Badilisha jina. Beba mkataba wa mauziano, kitambulisho cha NIDA, namba ya mita, na nakala ya hati ya sehemu yako ya jengo kama imeshatoka.

Hatua ya 7. Omba tarifa inayokufaa. Mtu anayeishi peke yake na hafikishi uniti 75 kwa mwezi anaweza kuomba D1, tarifa ya watumiaji wadogo, ambako uniti ni sh 100 kabla ya makato. Ukivuka 75, zinazozidi ni sh 350, ghali kuliko T1. Mwenye familia na kiyoyozi asijidanganye.

Karibuni kwa maswali.

---

Mtoto wa Kigogo: Mkuu mita yangu haikubali tokeni, nifanyeje?

Jibu: Inaandika nini kwenye kioo? Fleti ilikaa tupu muda gani? Ulipewa kundi moja au matatu? Bila hayo siwezi kukujibu. Hatua ya 4 umeisoma?

Mtoto wa Kigogo: Sijasoma yote ni ndefu. Inaandika "used".

Jibu: Basi imeshaingia. Soma salio.

Bibi Shamba: Wanangu hamjambo. Mimi nimestaafu, nimenunua fleti ndogo Upanga. Nimesoma hatua ya 4 nikajiuliza, kwa nini tarehe 24 Novemba 2024 hasa? Mita inajuaje tarehe?

Jibu: Shikamoo mama. Swali zuri sana. Kila tokeni inabeba ndani yake muda iliyotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inabeba dakika 16,777,216 tu, na zinaisha tarehe hiyo. Ni kiwango cha mita za malipo ya kabla duniani kote, ndiyo maana nchi nyingi zilihangaika nacho kwa wakati mmoja. Ufunguo mpya unaanza kuhesabu upya kutoka mwaka 2014, hivyo unafika 2045. Na kwa sababu hiyohiyo mita inakumbuka tokeni zilizopita: ukirudia ileile inakataa, ukileta ya zamani mno inakataa pia.

Bibi Shamba: Marahaba mwanangu. Kumbe ndiyo maana mita ya marehemu kaka yangu kule Morogoro imegoma. Nyumba imefungwa tangu 2022.

Jibu: Pole mama. Hiyo itakuwa haijabadilishwa ufunguo. Nunueni kiasi kidogo, muone kama mnapewa makundi matatu. Na mjiandae na kodi ya jengo ya miezi yote hiyo, kwa hiyo msianze na elfu mbili.

Jembe la Mbezi: Fundi wangu anasema nyaya zimepishana kweli, anarekebisha kwa 50,000 leoleo, TANESCO watachelewa. Nimwambie aendelee?

Jibu: Hapana. Nimeandika kwa nini.

Jembe la Mbezi: Ila yeye ana leseni mkuu.

Jibu: Leseni yake ni ya nyaya za ndani kwako. Ndani ya sili si kwako wala si kwake. Ukishafanya usirudi kuniuliza mita imeandika nini.

Kaka Mkubwa: Somo refu lote la nini wakati mtu anapiga 180 ya TANESCO bure wanamaliza?

Jibu: Piga, ni namba nzuri na mimi naitumia. Lakini atakayepokea hawezi kuona kutoka kwenye kiti chake kwamba mita yako inalisha jikoni kwa jirani. Hilo ulipime wewe, ndipo upige ukiwa na cha kueleza. Niliyoyaandika ni ya kukuandaa.

Dada wa Tabata: Nimefanya jaribio la jagi. Nikizima kila kitu mita inapepesa polepole, kama mara moja kila baada ya muda mrefu. Jagi likiwaka inakimbia kama ulivyosema. Hiyo ni mita yangu au siyo?

Jibu: Umefanya vizuri sana dada. Ni yako, ila kuna kitu kinanyonya. Ulizima swichi kubwa au vifaa tu?

Dada wa Tabata: Vifaa tu. King'amuzi na chaja nilisahau.

Jibu: Zima swichi kubwa urudie. Kikikoma, ni vifaa vyako vya ndani. Kisipokoma, kuna waya umechukuliwa kati ya mita na swichi yako, mara nyingi taa ya ngazi au pampu ya maji ya jengo. Hilo lipeleke kwa uongozi wa jengo kwa maandishi, maana umeme wa ngazi na pampu unatakiwa uwe na mita yake.

Dada wa Tabata: Kimekoma. Asante sana.

Mpangaji wa Zamani: Rimoti yangu chumbani haisomi kitu, sebuleni inasoma. Imekufa?

Jibu: Haijafa. Rimoti nyingi zinazungumza na mita kupitia waya za umeme zenyewe. Ichomeke kwenye soketi inayosoma, mbali na soketi yenye taa za mapambo au chaja nyingi, ingiza tokeni hapo. Kama fleti yako ina fezi tatu, soketi ya chumbani huenda iko kwenye fezi nyingine. Na uiwekee betri, ili umeme ukiisha usiku uweze kubofya.

Mkaazi wa Nyali: Huku Mombasa mambo ni hayohayo. Nimenunua nyumba, tokeni nalipia paybill 888880, lakini jina bado la mwenyewe wa zamani. Jaribio la jagi litafaa kwa mita ya Kenya Power?

Jibu: Litafaa ndugu yangu, mapepeso ni mapepeso. Angalia tu namba ya imp/kWh kwenye uso wa mita. Kwa mambo ya akaunti anza na *977#, ila kubadili jina fika ofisini na karatasi za mauzo.

Mwana Unguja: Na sisi wa TUKUZA, umeme wa kulipia kabla wa Zanzibar?

Jibu: Hatua ya 5 ifuate yote. Bei, makato na kubadili jina waulize ZECO, shirika lenu la umeme, mimi nimeandika ya huku bara.

Mzee wa Feni: Kwangu mita ni sahihi, nimepima, ila uniti zinaenda mno tofauti na nyumba niliyotoka.

Jibu: Nyumba uliyotoka ilikuwa na hita ya maji ya bafuni?

Mzee wa Feni: Hapana. Hii inayo, nimeiacha imewashwa muda wote.

Jibu: Ndiyo hiyo. Nyingi ni za wati 3000. Nusu saa ni uniti moja na nusu, yaani zaidi ya sh 500 kwa T1, na ukiiacha inawaka yenyewe kila maji yakipoa. Washa dakika ishirini kabla ya kuoga, zima.

Bibi Shamba: Na friji je, mwanangu? La kwangu ni la zamani, mlango haushiki vizuri.

Jibu: Mama, usiku kabla ya kulala zima vyote libaki friji, andika salio. Asubuhi andika tena, na saa zilizopita. Friji la kawaida lisilo bovu linatumia kama uniti moja kwa siku nzima au pungufu. La kwako likila hiyo kwa usiku mmoja, bana karatasi mlangoni: ikivutika bila kukaza, mpira umechoka. Mpira unabadilishwa peke yake, huna haja ya friji jipya. Niandikie salio la usiku na la asubuhi, tutapiga hesabu pamoja.