Kutafuta ndugu wa mbali Uskoti: anza na cheti cha kifo

Mama mkwe wangu, Mskoti wa Glasgow, alinikabidhi bahasha ya picha za zamani akasema, "Hawa ni watu wa kwetu, ila nani ni nani sijui." Ndivyo nilivyoingia katika kazi hii. Siku hizi natafutia na wengine, wakiwemo wajukuu wa Waskoti waliozalia Kenya na Tanganyika. Njia ni ile ile: unapanda hadi kwa mzee mnayechangia, kisha unashuka kwa watoto wake wengine. Kushuka ndiko kunakotoa jasho.

Hatua ya 1: Waulize wazee majina ya wanawake. Ya wanaume wanayakumbuka wenyewe. Wewe uliza bibi aliitwaje kabla hajaolewa.

Hatua ya 2: Tafuta cheti cha kifo. Usajili wa serikali Uskoti ulianza tarehe 1 Januari 1855, na rejista zake ziko kwenye tovuti ya ScotlandsPeople. Kutafuta jina kwenye faharasa ni bure, ila kufungua picha ya ukurasa kunakula krediti unazonunua. Wengi hukimbilia cheti cha kuzaliwa. Mimi hapana. Cheti cha kifo cha Uskoti kinataja baba wa marehemu na kazi yake, halafu mama yake, na pembeni ya jina la mama utaona herufi mbili ndogo, "m.s." Kinachofuata hapo ni jina la kwao, na hilo ndilo ufunguo. Waskoti wa zamani walikuwa kama watu wa pwani yetu: mwanamke akiolewa, kwenye karatasi anabaki binti fulani.

Usifunge picha bado. Sogea kulia hadi kwenye saini ya mtoa taarifa. Chini yake kumeandikwa ni nani kwa marehemu: mwana, mkwe, mpwa, wakati mwingine na anwani yake. Hapo umepata ndugu wa kizazi kinachofuata bila kulipa tena. Ila kumbuka maelezo yote yametoka kinywani mwake, naye siku hiyo alikuwa na msiba. Mkwe anaweza kukosea jina la bibi wa mkewe.

Hatua ya 3: Fuata ndoa. Cheti cha kuzaliwa kinaonyesha wazazi walioana lini na wapi, isipokuwa cha waliozaliwa 1856 hadi 1860. Cheti cha ndoa nacho kinataja wazazi wa pande zote mbili.

Hatua ya 4: Sensa. Zipo za kila miaka kumi, 1841 hadi 1921. Ya 1841 ina mtego: umri wa waliozidi miaka 15 ulishushwa hadi kwenye tano iliyo karibu, hivyo wa miaka 34 akaandikwa 30. Kuanzia 1851 unapata parokia aliyozaliwa mtu na uhusiano wake na mkuu wa kaya. Ukimkuta mama mkwe anaishi humo, huenda umepata ukoo wa mke.

Hatua ya 5: Kabla ya 1855 kuna vitabu vya parokia vya Kanisa la Uskoti. Cha zamani kabisa ni cha parokia ya Errol, 1553, lakini vingi vinaanza baadaye sana na vina mapengo. Baada ya kanisa kugawanyika mwaka 1843, familia nyingi zilihamia Kanisa Huru. Ukikosa ubatizo, usidhani mtoto hakuzaliwa.

Hatua ya 6: Jihadhari na majina. Desturi ilikuwa mwana wa kwanza aitwe babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Binti wa kwanza bibi mzaa mama. Inasaidia kukisia, na inaponza. Niliwahi kumfuata Donald mmoja kwa miezi miwili, kumbe ni binamu wa yule niliyemtafuta: wote wawili wamepewa jina la babu mmoja, kijiji kimoja, wamepishana mwaka. Kilichowatenganisha ni jina la kwao mama. Huko kwa wasemaji wa Kigaeli, mojawapo ya lugha za asili za Uskoti, karani aliandika Kiingereza: Tormod akawa Norman, Oighrig akawa Effie au Euphemia. Janet naye ni Jessie nyumbani.

Hatua ya 7: Shuka. Orodhesha ndugu wote wa tumbo moja wa mzee wenu. Kwa kila mmoja tafuta ndoa, kifo, mtoa taarifa, wosia. Dada ndio hupotea. Watafute kwa jina la kwao. Mtandaoni picha za rejista za kuzaliwa hufunguka baada ya miaka 100, za ndoa 75, za vifo 50. Za karibu zaidi utaziona kwenye kituo cha ScotlandsPeople, Edinburgh, au uagize nakala rasmi.

Kipimo cha DNA kinasaidia kuthibitisha: wajukuu wa ndugu wawili huchangia kama asilimia 3. Bila majina uliyoyakusanya, hiyo ni namba tu.

Ukimpata aliye hai, usimpigie simu. Mwandikie barua ya ukurasa mmoja, na picha ya mzee wenu ndani. Sema mapema kwamba hutafuti urithi. Kisha uliza swali moja tu, linalomhusu marehemu.